Geko wangu ametagia kwenye bakuli la maji: nimwekee nini kwenye kiota?

Swali: Nina geko chui, mjusi wa kufugwa, jike wa miaka miwili. Wiki iliyopita alianza kukwaruza kila kona ya kizimba usiku kucha. Nikamwekea kikopo chenye karatasi za jikoni zilizoloweshwa, lakini hakukitumia. Yai moja nimelikuta juu ya kigae, limeshabonyea, na la pili ndani ya bakuli la maji. Nimeuliza huku na huku: mmoja kaniambia vermikulaiti (punje nyepesi za jiwe lililovimbishwa kwa moto), mwingine mchanga wa jangwani, mwingine kokopiti. Nishike lipi? Na je, kitu hicho hicho ndicho nitakachototoleshea mayai?

Jibu: Shika kokopiti, yaani ule unga wa makumbi ya nazi. Uchanganye na sfagnamu kidogo (mmea wa vinamasi uliokaushwa) iliyokatwakatwa, ulowanishe bila kuufanya uchuruzike, na ujaze kina cha sentimita nane hadi kumi ndani ya kisanduku chenye mfuniko. Kutotoleshea ni jambo jingine, na kuna vitu vingine vya kazi hiyo, nitafika huko. Kwanza nikueleze kwa nini, maana ushauri wote uliopewa una pahali pake, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Mayai ya geko yako ya namna mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kiota kiwekwe nini. Geko chui (Eublepharis macularius), geko mwenye mkia mnene wa Afrika Magharibi (Hemitheconyx caudicinctus) na geko kishungi (Correlophus ciliatus) hutaga mayai yenye ganda laini mfano wa ngozi. Yai la namna hii linatagwa likiwa bado lina kiu. Linafyonza unyevu kutoka kwenye udongo unaolizunguka, na kadiri majuma yanavyopita linavimba hadi ukilitazama unajua kabisa limekua tangu siku lilipotagwa. Likiachwa hewani, mambo yanakwenda kinyume: maji yanatoka, ganda linabonyea, na kiinitete, yaani mtoto anayeanza kukua, kinakauka humo ndani. Yai lako la juu ya kigae limepatwa na hilo. La kwenye bakuli limepatwa na balaa la pili, kwani kiinitete kinavuta hewa kupitia ganda, na maji yaliyolifunika pande zote yanaiziba hewa hiyo.

Kundi la pili ni la ganda gumu la chokaa. Tokei (Gekko gecko) yumo, geko wa mchana wa jenasi ya Phelsuma wamo, na hata wale mijusi kafiri wanaokimbizana na nondo kwenye taa. Yai lao hutoka laini, likishapigwa na hewa linakauka na kuwa gumu, na maji linayoyahitaji linayo ndani tayari. Hawa hawahitaji udongo mnyevu wa kuchimba. Tokei huyagandisha mayai kwenye ukuta wima au ndani ya gogo lenye uwazi, na hukaa karibu kuyalinda. Geko wa mchana wengi hutaga ndani ya mwanzi au kwenye makutano ya majani. Ukimpa tokei kisanduku cha kokopiti, umempambia nyumba tu. Mpe vipande vya mwanzi na magome, na yai likishaganda usilibandue, maana litavunjika. Lifunike hapo hapo lilipo kwa kikombe chenye matundu ili watoto wakitoka wasiliwe. (Geko wa New Zealand hawatagi kabisa. Wanazaa.)

Turudi kwa wako. Watu husikia kwamba geko chui ni mnyama wa nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, wakakata shauri kwamba atapenda mchanga mkavu. Nchi ni kavu juu. Chini ya mawe na ndani ya mashimo anamojificha mchana kuna unyevu, na jike mwenye mayai huutafuta unyevu huo kwa pua kabla hajaanza kuchimba.

Mtazame vizuri safari ijayo. Anaingiza kichwa, anasimama, anagusa kwa ulimi. Kisha anakwaruza kwa mguu mmoja wa mbele mara kadhaa, anabadilisha mguu, na kile kifusi kilichojikusanya chini ya tumbo anakirusha nyuma kwa miguu ya nyuma. Akiona kuta za shimo zinashikilia, anaendelea mpaka mwili karibu wote umezama. Halafu anageuka, anataga, anayasogeza mayai kwa miguu ya nyuma na kuyafukia kwa uangalifu kiasi kwamba ukifunua mfuniko asubuhi unaweza kudhani hakuna kitu. Lakini kama kila anapochimba udongo unamporomokea, au kucha zinagonga sakafu ya plastiki mapema mno, anaacha. Anajaribu pengine, na pengine, na mwisho mayai yanamshinda anayaangusha popote penye unyevu kidogo. Bakuli la maji ndilo lililokuwa na unyevu.

Kwa hiyo kitu cha kutagia kinapimwa kwa mambo matatu. Kishike maji bila kuyachuruzisha, kishike umbo la shimo linapochimbwa, na kisimdhuru akikimeza kidogo. Karatasi zako za jikoni zilifaulu la kwanza na la tatu. La pili ndilo lililoziangusha, kwa kuwa karatasi haichimbiki. Baadhi ya majike, hasa waliokwisha kutaga mara nyingi, watajikunja chini yake na kutaga bila kulalamika. Jike anayetaga kwa mara ya kwanza, mara nyingi, hakubali.

Kokopiti inafaulu yote matatu, na ndiyo maana naitaja kwanza. Huuzwa ikiwa imeshindiliwa kama tofali; unaiweka kwenye maji ya uvuguvugu inavimba na kulegea. Isuuze kabla ya kuitumia. Makumbi ya nazi mara nyingi hulowekwa kwenye maji ya chumvi yanapoandaliwa, na chumvi iliyobaki haina faida yoyote kwa yai linalotaka kunywa. Uzuri mwingine wa kokopiti ni kwamba inakuambia hali yake: ikiwa nyevu ni ya hudhurungi iliyokolea, ikikauka inapauka. Hata kabla hujaigusa unajua. Udhaifu wake ni vumbi ikikauka kabisa, na ikiwa laini mno kuta za shimo hubomoka kidogo. Hapo ndipo sfagnamu inapoingia.

Sfagnamu ni ule mmea laini wa kwenye vinamasi, unaouzwa ukiwa umekaushwa. Unabeba maji mara nyingi ya uzito wake na una asidi kidogo inayozuia ukungu. Ikitumiwa peke yake kwa geko chui, mimi siipendi sana: nyuzi zake ni ndefu, shimo halisimami, na jike mwenye pupa anaweza kuvuta uzi mrefu mdomoni pamoja na mdudu. Ikatekate kwa mkasi vipande vya sentimita mbili au tatu, changanya kiasi cha fungu moja kwa mafungu matatu ya kokopiti, na utaona kuta za shimo zinasimama. Nunua ile ya rangi yake ya asili, ya manjano iliyofifia. Ile ya kijani inayong'aa, ya kupambia maua, imetiwa rangi. Na ukiwa na michubuko mikononi, vaa glavu unapoichambua. Kuna kuvu anayeitwa Sporothrix ambaye hukaa kwenye sfagnamu na huingia mwilini kupitia vidonda vidogo. Watu wa bustani za maua wanamjua vizuri.

Udongo wa kawaida nao unafaa, kuliko watu wanavyodhani. Udongo mweusi usio na mbolea wala dawa, ukichanganywa na mchanga uliooshwa, labda mafungu saba ya udongo kwa matatu ya mchanga, unashika shimo kuliko kokopiti. Shida ni kujua historia ya udongo huo. Ule wa mifuko unaouzwa kwa ajili ya vyungu una mbolea na zile punje nyeupe za pelaiti, na punje hizo geko huzimeza. Ukiwa na udongo unaouamini, utumie. Ukiwa na shaka, nenda na kokopiti.

Mchanga mtupu, hasa ule wa rangi unaoandikwa kwamba una kalsiamu, usiuweke. Mkavu hauwezi kushika shimo, na jike anayetaga hulamba kila kitu akitafuta kalsiamu, akaishia kujaza utumbo mawe. Kuna geko wa jangwani wa jenasi ya Teratoscincus ambao hutaga mchangani, ila mayai yao ni ya ganda gumu. Usichukue sheria ya nyumba yao ukaileta kwenu. Maranda ya mbao pia hapana: hayashiki maji, na yale ya mierezi na misonobari yana mafuta yenye harufu kali yanayoumiza njia za hewa za mnyama mdogo.

Vermikulaiti aliyokushauri mwenzako si sumu, na wafugaji wengi wameitumia kwenye kiota kwa miaka. Lakini ni nyepesi mno, shimo linajifukia lenyewe, na punje zinashikamana na yai bichi na mdomo wa jike. Nadhani mwenzako alikuwa anafikiria kutotolesha. Neno moja tu hapa: tumia ile inayouzwa kwa ajili ya bustani. Kama kuna mtu anakupa gunia la zamani lililotolewa darini kwenye nyumba ya miaka mingi, kataa. Mgodi wa Libby, Montana, nchini Marekani, ambao ulitoa sehemu kubwa ya vermikulaiti ya dunia hadi ulipofungwa mwaka 1990, ulikuwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, ndani yake.

Sasa unyevu, ambao naona ndio unaoharibu viota vingi kuliko uchaguzi wa kitu chenyewe. Chota kiganja cha mchanganyiko wako uukamue kwa nguvu. Maji yakitiririka kati ya vidole, umezidisha: yai litalowa, litaota ukungu, na jike mwenyewe hatataka kulaza tumbo hapo. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika lenyewe, ni kavu. Unachotaka ni donge linalobaki na alama za vidole vyako, na ukilikamua sana linatoa tone moja au mawili tu. Jaza kisanduku, shindilia kidogo kwa kiganja ili kuwe na kitu cha kuchimba, kisha toboa kijishimo kwa kidole karibu na ukuta. Majike wengi huanzia hapo hapo.

Ukaguzi ni kila siku mbili. Juu panaweza kuonekana pakavu na chini ni pazuri, kwa hiyo usinyunyizie juu kwa mazoea; zamisha kidole hadi chini kwanza. Ukihitaji kuongeza maji, yamimine taratibu kwenye kona moja yajisambaze yenyewe kutoka chini.

Kisanduku kiwe cha plastiki isiyopitisha mwanga, kikubwa vya kutosha ageuke ndani bila kujikunja, kwa geko chui mkubwa kama sentimita ishirini kwa kumi na tano hivi. Mfuniko ni lazima, kwa sababu anataka giza na kwa sababu unyevu hukimbia. Tundu la kuingilia likae juu ya usawa wa udongo, liwe pana kuliko tumbo lake akiwa na mayai (hili husahauliwa: tundu lilimtosha mwezi uliopita, leo halimtoshi), na kingo zake uzilainishe kwa msasa. Kiweke upande wenye joto, ndani kuwe kama nyuzi 26 hadi 29 za Selsiasi. Usikilaze juu kabisa ya mkeka wa joto. Sakafu itakauka kwanza, hapo hapo mayai yanapolala.

Na tazama sehemu nyingine za kizimba. Kama kuna chungu cha mmea, au kona yenye udongo mlaini, huyo ataichagua na kukupuuza. Geko kishungi ni hodari sana kwa hili. Mnyama huyu wa Kaledonia Mpya, aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994, anataka kina cha sentimita kumi au zaidi na hahitaji joto la ziada, nyuzi 22 hadi 25 zinamtosha. Lakini kizimba chake kikiwa na udongo sakafu nzima, utachimbua kila mahali kutafuta mayai. Wakati wa kutaga, tandika karatasi sakafuni ili pahali pekee panapochimbika pawe ndani ya kisanduku.

Swali lako la pili: hapana, usitotoleshee kwenye kokopiti ya kiota. Yai linakaa kiotani saa chache tu kabla hujalitoa. Kwenye kitotoleshi litakaa mwezi mmoja hadi mitatu, na kitu cha mmea kwenye joto na unyevu kwa muda huo kinaoza. Hapo ndipo vermikulaiti na pelaiti zinapotawala. Ni mawe yaliyopashwa moto yakavimba, hayaozi, na unaweza kuyapimia maji kwa mizani: gramu mia za vermikulaiti kavu kwa gramu mia za maji ndicho kipimo ambacho wafugaji wengi huanzia. Lizamishe yai nusu. Kwa geko chui, joto ndilo linaloamua jinsia. Karibu na nyuzi 26 wengi hutoka majike, kwenye 32 wengi hutoka madume, na ukipandisha hadi 34 au zaidi majike hurudi, ila joto hilo ni la hatari na sikushauri.

Unapofukua, tumia kijiko au vidole, si koleo. Kabla hujalinyanyua yai, weka alama ya penseli juu yake, na alama hiyo ibaki juu hadi mwisho. Kiinitete hujishikiza mapema upande wa ndani ya ganda, na ukiligeuza baadaye unakizamisha. Kalamu ya wino usitumie. Ganda hilo linafyonza.

Kuhusu mawili uliyo nayo: hukusema kama jike wako amewahi kukutana na dume. Kama hajawahi, mayai hayana mbegu na hakuna la kuokoa, kwani majike hutaga hata bila dume. Kama amewahi, hata miezi iliyopita, kuna uwezekano, sababu majike huhifadhi mbegu. Lile lililobonyea lilaze kwenye vermikulaiti nyevu. Likiwa na uhai mara nyingi hujaa tena baada ya siku moja au mbili. La majini, kama hujui lilikaa humo muda gani, matumaini ni madogo, lakini lilaze vilevile. Baada ya wiki moja hivi zima taa na uyamulike kwa tochi ndogo. Ukiona mwanga wa waridi wenye mishipa, yako hai. Ukiona manjano tupu na yai linalegea na kunuka, tupa.

Jambo moja lisisubiri kiota kizuri wala kingine. Jike anayechimba siku baada ya siku bila kutaga, aliyeacha kula, amelegea, anayejikamua bila kutoa kitu, au aliyetaga yai moja na la pili bado unaliona kupitia ngozi ya tumbo siku mbili baadaye, huyo huenda mayai yamemkwama. Kukosa pahali pa kutagia ni sababu mojawapo. Upungufu wa kalsiamu na wa maji ni nyingine. Usimkamue tumbo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, akampige eksirei.

Wako ametaga yote mawili, kwa hiyo leo kazi ni kumrudishia nguvu: maji safi, wadudu walionyunyiziwa unga wa kalsiamu, na utulivu. Kisanduku kiandae wiki hii hii. Geko chui hurudia kutaga baada ya wiki mbili hadi nne, na anaweza kufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kwa hiyo ukingoja hadi aanze kukwaruza tena utakuwa umechelewa. Kiache humo msimu mzima, ubadilishe mchanganyiko kila baada ya kutaga au ukianza kunuka, na bakuli la maji libadilishe liwe dogo lisilomtosha kuingia mwili mzima.